Bango la Miaka Kumi Lina Jina la Nani?

Watu wa mabango wana maswali yao. Ingia duka lolote la kuprinti, iwe Kariakoo, Sinza, Mwenge au Temeke, utaulizwa: saizi gani? Rangi zipi? Nembo unayo kwenye faili au ipo kwenye simu tu? Unalitaka lini? Ukijibu "kesho asubuhi" atacheka kidogo, halafu bei itapanda. Yote ni maswali halali. Swali ambalo hataliuliza, na wala si kazi yake kuliuliza, ni hili: huko nyumbani mmeshakubaliana bango liseme nini?

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuongee kuhusu sherehe ya biashara kutimiza miaka. Sizungumzii benki wala kampuni za simu, hao wana watu wao wa kulipwa. Nazungumzia biashara yako wewe na mwenzi wako: saluni ya Kijitonyama, famasi ya Tandika, karakana ya samani ya Keko, kampuni ya usafi yenye ofisi ya chumba kimoja Mwananyamala. Mmefika miaka mitano au kumi, mnataka kuwaita wateja, ndugu na wafanyakazi mle, mcheze, mpige picha. Fulana, mabango, mapambo, keki yenye nembo. Jambo la furaha kabisa. Lakini nawaambia ukweli, linazua ununaji ndani ya nyumba kuliko hata mchango wa harusi ya shemeji.

Tuseme kuna Baba Nanii na Mama Nanii wa Mbagala. (Ni mfano tu, msianze kupigiana simu.) Mwaka 2012 Mama Nanii alikuwa anachoma vitumbua Rangi Tatu, alfajiri, abiria wanagombania daladala na yeye anagombana na upepo kwenye jiko. Mwaka 2015 mumewe akaacha kazi ya stoo, wakaunganisha akiba yake na hela ya vitumbua, wakanunua masufuria makubwa, wakasajili jina la biashara BRELA. Fomu ikajazwa kwa jina la mume, kwa sababu siku hiyo mke alikuwa jikoni. Leo wanapikia maofisi, maharusi na misiba. Ikafika 2025, Baba Nanii akaenda kwa dizaina, na jioni picha ya bango ikatumwa nyumbani kwenye WhatsApp: MIAKA 10 YA MAFANIKIO, 2015–2025. Katikati yuko yeye, amevaa suti, mikono ameikunja kifuani. Chini yake: Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji. Pembeni kuna picha ya sahani ya pilau.

Mama Nanii akajibu neno moja: "Hongera."

Akina baba mnaosoma hapa, hongera ya namna hiyo mnaijua. Haina alama ya mshangao.

Sasa kosa liko wapi? Baba Nanii hajadanganya. Usajili ni wa 2015, jina ni lake, miaka ni kumi. Ila kuna miaka mitatu ya vitumbua imefutwa, na aliyevichoma amegeuka sahani ya pilau. Na bango lenyewe litasimama mbele ya wakwe, mashemeji, majirani na wafanyakazi, watu watapanga foleni kupiga nalo picha, na picha hizo zitakaa kwenye simu za watu miaka na miaka. Hakuna karatasi ya biashara yenu itakayosomwa na watu wengi kama hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuongelea rangi, ongeleeni mwaka. Watu wengi wanadhani mwaka wa kuanzishwa ni hesabu ya darasa la pili, unatoa tu. Kiukweli ni uamuzi, na wakubwa wanaamua tofauti. Tazama benki zetu mbili. NBC iliundwa 1967, baada ya Azimio la Arusha na benki binafsi kutaifishwa. Mwaka 1997 ikagawanywa, na humo ikatoka NMB. NBC ikabaki na 1967 yake. NMB ikaanza hesabu upya, ndiyo maana mwaka 2022 ilisherehekea miaka 25, japokuwa kuna matawi yake ambayo wateja walikuwa wakipanga foleni humo zamani sana kabla ya hapo. Kila mmoja ana haki na mwaka wake, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Au chukua mpira. Simba haikuitwa Simba mpaka 1971. Kabla ya hapo ilikuwa Sunderland, na kabla ya Sunderland ilikuwa na majina mengine. Lakini nenda Msimbazi ukamwambie mwanachama kwamba klabu yake ilizaliwa 1971, uone utakavyotoka. Pale mwaka ni 1936. Jina lilibadilika, watu na kiu yao ya kuwafunga jirani zao wa Jangwani vilikuwa vilevile.

Kwa hiyo ninyi wawili mkae chini muulizane: tunasherehekea nini hasa? Tunasherehekea karatasi ya usajili, au siku ile jiko lilipowaka? Zote mbili ni halali, ila ni sherehe mbili tofauti, na zinaweza kukaa kwenye bango moja bila kugombana. Mfano: "Jiko liliwaka 2012. Kampuni ilisajiliwa 2015." Sentensi mbili, maneno sita, hakuna aliyefutwa. Mgeni akisoma atauliza, "Kumbe mlianza 2012?" Na hapo Mama Nanii atakuwa na kitu cha kuhadithia badala ya kuzunguka na trei ya soda kwenye sherehe yake mwenyewe.

Baada ya mwaka, cheo. Hapa naomba niseme waziwazi: neno "mwanzilishi" lina wingi wake. Waanzilishi. Idadi ya herufi ni ileile, na hata hivyo bango linauzwa kwa mita za mraba, halihesabiwi herufi, kwa hiyo hutaongezewa hata shilingi. Kama kuna picha ya mmoja, iwepo ya wote wawili, na saizi iwe moja. Kama mmoja hapendi picha (wapo, na waheshimiwe), basi asiwepo yeyote, zikae picha za kazi: mikono inakanda, sufuria linachemka, gari la kusambaza liko barabarani. Kwa maoni yangu picha za kazi ni nzuri zaidi kuliko sura za wakurugenzi. Suti kila mtu anaweza kuazima.

Kuna msomaji atasema, "Mhariri, umezidisha, ni bango tu." Sawa. Ila linapima kitu kikubwa kuliko bango. Bango halikupi hisa. Jina la biashara likisajiliwa kwa mtu mmoja, kwenye daftari la BRELA mwenye biashara ni huyo mmoja. Mkitaka wote wawili muonekane, mnaweza kusajiliwa kama washirika, au mkafungua kampuni na kila mtu akawa na hisa zake zilizoandikwa. Na tofautisheni jina la biashara na alama ya biashara, maana wengi huchanganya. Kusajili jina hakuilindi nembo yenu. Nembo inasajiliwa kivyake, kwa BRELA hao hao, na hapa Tanzania Bara ulinzi wake wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kumi. Yaani kuna watu wanaiweka nembo kwenye keki, kwenye fulana na kwenye puto, na haijawahi kuandikishwa popote.

Na kuhusu nani alichangia nini, nchi yetu ilishalisemea jambo hilo zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjika. Wanawake waliobaki nyumbani waliambiwa kwa miaka mingi kwamba kupika na kulea si kuchuma. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilitupwa, kwa sababu nyingine, lakini jina lake linatajwa mahakamani mpaka leo kila wenza wanapogawana. Sasa kama kuosha vyombo vya nyumbani ni mchango, niambie vitumbua vya miaka mitatu ni nini. Hakuna anayewaombea mfike kule Temeke kwenye kituo cha mahakama cha masuala ya familia. Nasema tu kwamba maswali yanayoulizwa mle ndani, nani alianza, nani alitoa hela, nani alifanya nini, ni yaleyale yanayojibiwa kwenye bango, na kwenye bango mnayajibu mkiwa bado mnapendana.

Haya, mmekubaliana. Sasa maneno.

Maneno yawe machache, na yawe ya Kiswahili kama wateja wenu ni Waswahili. Mtu anayemuuzia chipsi mama wa Tandale halafu anamwandikia bango la Kiingereza cha benki, sijui anamtambia nani. Mnakumbuka miaka 50 ya Uhuru, mwaka 2011? Kaulimbiu ilikuwa "Tumethubutu, Tumeweza na Tunazidi Kusonga Mbele." Unaweza usikubaliane nayo kisiasa, lakini kama kazi ya maneno imesimama, maana imejaa vitenzi. Hakuna "ubora," hakuna "mafanikio makubwa," hakuna "huduma bora kwa wateja wetu wapendwa." Imesema watu wamefanya nini. Jaribu hivyo na biashara yako. Umefanya nini miaka kumi? Umepika. Umeshona. Umepaka rangi kucha za nusu ya Kinondoni. Andika hicho.

Na kabla halijaenda kuprintiwa, mpe mtu mmoja mwenye jicho kali alisome, asiwe dizaina na asiwe ninyi. Mimi kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu, na nawahakikishia jicho la mwenyewe halioni. Nimeona "Mkurugezi" kwa herufi za urefu wa mkono wangu, na mkurugenzi mwenyewe amesimama chini yake anatabasamu.

Rangi nitapita haraka. Kampuni za simu zina hela ya kubadilisha rangi. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, na kuta za maduka mitaani zikapakwa upya kila mara. Vodacom ilikuwa ya bluu, ikawa nyekundu. Tigo mwaka 2024 ikaitwa Yas. Wewe huna bajeti hiyo. Kama wateja wanakujua kwa ndoo za kijani, sherehe iwe ya kijani, hata kama dizaina anakwambia mwaka huu dhahabu na nyeusi ndiyo habari ya mjini.

Ila kwenye kuprinti tusipite haraka, maana hapa hela inapotea. Kwanza, nembo. Usimtumie dizaina picha uliyoipiga kwenye kadi yako ya biashara. Mtafute aliyeichora akupe faili la asili, lile linaloweza kukuzwa bila kupasuka. Kama lazima utume picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha, maana ikienda kama picha inaminywa. Hesabu yake hii hapa: picha yenye nukta 1,600 kwa upana ukiivuta kwenye bango la mita 3, kila inchi inabaki na nukta zisizofika 14. Kwa mbali utaonekana ni wewe. Kwa karibu utaonekana umejengwa kwa matofali. Bango kubwa linataka kama nukta 100 kwa inchi ili mtu akisogea kupiga picha bado uwe na pua.

Pili, rangi ya kwenye kompyuta siyo itakayotoka. Skrini inatoa mwanga, mashine inatoa wino. Ile bluu ya kumeremeta uliyoipenda kwenye simu inaweza kutoka imefifia kama kaniki iliyofuliwa sana. Omba uprintiwe kipande kidogo, hata cha saizi ya daftari, kikague juani na kwenye taa ya ukumbini. Kwa kazi za watu makini hawatakukatalia.

Tatu, mng'ao. Fleksi ya kung'aa inavutia dukani, lakini ukumbini taa ya kamera ikiipiga inarudisha doa jeupe katikati ya picha, na mara nyingi doa linaangukia kwenye jina. Kwa bango la kupigia picha agiza isiyong'aa.

Saizi ya herufi nayo wengi wanakisia. Hesabu rahisi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha angalau sentimita 2.5. Ukumbi wenye urefu wa mita 20, anayekaa meza ya mwisho anahitaji herufi ya kama sentimita 17 asome bila kukunja uso. Ndiyo maana nasema maneno yawe machache. Bango la mita 3 kwa 2.5 ni mita za mraba 7.5 tu. Ukiweka humo nembo, mwaka, kaulimbiu, picha nane, namba za simu tano na orodha ya wadhamini, umetengeneza gazeti.

Namba za simu za nini kwenye bango la meza kuu? Waliokuja wote wanazo, ndiyo maana wamekuja.

Tuje kwenye kufunga, na hapa naomba muwe wakali. Nendeni ukumbini siku kadhaa kabla, nyie wawili na fundi, na futi ya kupimia. Msipime kwa hatua. Pimeni jukwaa, pimeni kimo cha dari, pimeni hata mlango, maana kuna fremu zilizounganishwa Gerezani kwa ustadi mkubwa zikashindwa kuingia ndani. Muulizeni mwenye ukumbi: misumari inaruhusiwa? Gundi ya karatasi ikibandua rangi ya ukuta nani analipa? Sherehe ya kabla yetu inaisha saa ngapi? Kumbi nyingi Jumamosi zinapokea kazi mbili, na mpambaji wenu anaweza kujikuta ana saa mbili za kufunga kila kitu huku wa mchana bado wanatafuta viatu. Bora kuandikishana muda wa kuingia kwenye karatasi ya malipo.

Halafu kaeni kwenye viti vya meza kuu, kweli mkae, na mmoja asimame pale mpiga picha atakaposimama. Mtagundua jambo: nusu ya chini ya bango haionekani. Kuna meza, kuna kitambaa, kuna maua, kuna vichwa vya watu. Kwa hiyo kila kitu cha maana kipande juu, zaidi ya mita moja na nusu kutoka sakafu ya jukwaa. Kwenye lile bango la mlangoni la kupigia picha ni kinyume: usiweke nembo moja kubwa juu, kwa sababu mpiga picha atakata. Rudieni nembo ndogondogo bango zima, ili hata picha ya watu wawili waliokumbatiana iwe na nembo begani.

Kama sherehe ni bustanini, kumbukeni mko Pwani. Upepo haujui kwamba mnasherehekea. Bango la mita za mraba saba na ushee likifungwa vibaya ni tanga bila ngalawa. Matundu yenye pete yawekwe kila nusu mita kuzunguka, lifungwe kwa kamba za mpira zinazovutika, na miguu ya fremu iwekewe uzito. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na ukilivika kitambaa cha rangi ya sherehe hakuna atakayelijua. Weka mawili kila mguu. Machi mpaka Mei kuna masika, na kuanzia Oktoba kuna vuli, kwa hiyo miezi hiyo pangeni ndani au lipieni hema. Taa za herufi zinazowaka zinapendeza sana mpaka umeme ukatike, basi muulizeni mwenye jenereta kama hesabu yake ilijumuisha na hizo herufi.

Mifuko ya zawadi: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usikubali mtu akuuzie yenye nembo yako eti "imebaki stoo." Jina lako ndilo litakalokuwa limeandikwa kwenye kosa.

Nina pendekezo moja ambalo maduka ya kuprinti hayatalipenda. Punguzeni bango, ongezeni kanga. Sisi watu wa huku tulishajua kutangaza sherehe kabla fleksi haijafika. Nchi hii imepigia chapa kanga za kumbukumbu za Uhuru, za chama, za ziara za wageni wakubwa, na kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kilivalisha vizazi kadhaa vya mama zetu. Kanga imeshachorwa tayari: pindo linazunguka, mji uko katikati, na chini kuna nafasi ya jina, sentensi moja tu, hata ukitaka mbili haziingii. Dizaina mzuri kuliko huyo simjui. Kwa biashara ndogo kuagiza kiwandani ni kazi, oda zao ni kubwa, lakini nenda Mtaa wa Uhuru ukanunue kitambaa cha jumla, kisha mpiga chapa wa fulana akuwekee maneno. Na uzuri wa doti ni kwamba ina vipande viwili. Mfanyakazi anabaki na kimoja, cha pili anakwenda nacho kwa mama yake. Fulana yenye "Miaka 10" itadekia nyumba kabla ya Krismasi. Kanga itabebea mtoto.

Mama Nanii na Baba Nanii wangeweza kuandika hivi kwenye nafasi ile ya jina: "Tuliwasha wawili, tunakula wengi." Ikafaa kwenye kanga, ikafaa kwenye bango, na hakuna cheo cha kugombania humo.

Kwa wenye uwezo zaidi kidogo, kumbukeni Agosti 1946, Aga Khan wa Tatu alipopimwa uzito kwa almasi hapa hapa Dar es Salaam kutimiza miaka 60 ya uongozi wake. Waliokuwepo waliona mapambo ambayo sisi hatutayaona. Kilichobaki mpaka leo ni mfuko wa uwekezaji wa Diamond Jubilee uliokuja kuwa benki ya Diamond Trust, na jina la ukumbi wa Upanga ambao wengi wetu tunapaita Diamond tu. Ninyi si lazima mwanzishe benki. Ila kama bajeti ya mabango imefika mahali mnakopa, sufuria jipya lenye tarehe iliyochongwa ubavuni nalo ni tangazo, na Jumatatu litaingia kazini.

Jambo la mwisho ambalo kamati husahau: kushusha. Saa sita usiku MC keshaondoka, ndugu wanagombania maua ya mezani, na fundi anataka kwenda kwao. Mtu mmoja apewe kazi hiyo tangu mwanzo, na alipwe. Kamba zikatwe, bango lisivutwe. Likunjwe kama mkeka, si kama shuka, upande wenye maandishi uwe nje, na likikunjwa kama shuka wino unapasuka kwenye mistari. Yale mabango ya kusimama yanayojikunja yenyewe, kama mlikuwa na akili hamkuyaandikia tarehe, yanarudi dukani kuendelea na kazi. Lile la miaka kumi liende nyumbani kama wenye nyumba wote wawili wanaweza kuliangalia. La sivyo lina matumizi mengine, fleksi haipitishi maji. Ukipita Mbagala kipindi cha mvua angalia juu ya mabanda ya mkaa na magenge: wakurugenzi watendaji kibao, wamelala chali na suti zao, wanaangalia mawingu.